Taa ya Usukani Ikiwaka: Ufafanuzi kwa Madereva wa Mtwara na Lindi

Malalamiko yanayotufikia wakaguzi wa magari siku hizi yanafanana: "Stelingi ilijifunga, gari likanishinda." Mara nyingi gari lenyewe ni Vitz, IST au Passo, na mara nyingi stelingi haikujifunga hata kidogo.

Magari haya hayana pampu ya oili ya stelingi. Kwenye mhimili wa usukani kuna kifaa cha kuhisi (sensa) kinachopima dereva anakaza kiasi gani na upande upi. Kompyuta inaangalia pia mwendo wa gari, kisha inaiamuru mota ya umeme isaidie. Unapoegesha, mota inasaidia sana. Ukiwa kasi kati ya Mingoyo na Masasi inapunguza msaada makusudi ili gari lisiyumbe. Kwa hiyo anayekuja kuuliza aongeze oili gani, hakuna pa kuimimina. Tumeshalisema hili mara nyingi. (Hiace nyingi bado ni za oili, hizo zina habari yake.)

Mota ikikata, taa ya usukani huwaka kwenye dashibodi (usukani mdogo wenye alama ya mshangao, au herufi EPS au P/S), lakini vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu vipo palepale. Gari linakata kona, ila kwa nguvu za mikono yako mwenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya GM iliita magari milioni 1.3 ya Chevrolet na Pontiac yarudishwe kutengenezwa huko Marekani, Kanada na Meksiko kwa hitilafu hiyo, ikaeleza kwamba uzito unasikika zaidi chini ya kilomita 24 kwa saa. Kinacholeta ajali ni kushtuka: uko katikati ya kona, usukani unakuwa mzito ghafla, unauachia. Ushike kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa indiketa, toka barabarani. Usizime injini kabla gari halijasimama.

Na ninyi mnaozima gari kwenye mteremko wa Newala ili kubana mafuta, mnaondoa msaada wa usukani, na breki nazo zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Ukichomoa na ufunguo, hapo ndipo stelingi hujifunga kweli. Sijui mafuta hayo yanayookolewa ni ya shilingi ngapi.

Mota hii inakula umeme mwingi, hivyo chanzo cha kwanza cha kuangalia ni betri iliyochoka, alteneta isiyochaji, au vichwa vya betri vilivyoota kutu, jambo la kawaida kwetu huku pwani. Maji yakiingia kwenye soketi za waya nayo huleta shida. Waliovuka mafuriko wapimishe gari kwa kompyuta. Ukikaza usukani hadi mwisho kwa muda mrefu, mota hupata joto na msaada hupungua. Ukiupumzisha, msaada hurudi.

Lisilokubalika ni kumwambia fundi "aiue" taa. Taa hiyo inatakiwa kuwaka unapofungua swichi na kuzimika injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, mkaguzi anajua imechezewa.

Gari likikutwa na kasoro ya usukani, utaratibu ni huu. Mkaguzi anaweza kulizuia lisitembee mpaka litengenezwe na kukaguliwa upya. Njoo na kadi ya gari, leseni na bima. Faini ya papo kwa papo hulipwa kwa kontroo namba, si mkononi kwa askari. Usipokubali kosa, unayo haki ya kwenda mahakamani.

Ajali ikitokea, fundi asiguse chochote kabla ya ukaguzi. Matokeo hujazwa kwenye fomu ya polisi PF 93, ambayo bima huihitaji inaposhughulikia madai. Mtu akishabadilisha betri au kuchomoa fyuzi, mkaguzi ataandika alichokikuta, si ulichomsimulia.