Amana ya jamii: mali ya wote isiyogawanywa

Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Wewe ni mlinzi wake, si mwenyewe. Mfuko wa amana wa jamii ya wenyeji asilia umesimama juu ya wazo hilohilo. Mali huandikwa kwa jina la wadhamini, manufaa yake ni ya jamii, na hati ya kisheria hueleza itumike kwa mambo gani. Anayejua wakfu hatapata taabu kuelewa: shamba la wakfu haliuzwi, mazao yake ndiyo hutumika.

Tuwatazame Ngāi Tahu, kabila la Wamaori (wenyeji asilia) wa Kisiwa cha Kusini nchini New Zealand. Mwaka 1848 serikali ya kikoloni ilichukua mamilioni ya ekari za ardhi yao kwa pauni 2,000, na ardhi waliyoahidiwa kubakiziwa ikawa haba mno. Walidai haki yao vizazi kwa vizazi. Mwaka 1998 ikapitishwa sheria ya maridhiano: waliombwa radhi rasmi, wakapewa fidia ya dola milioni 170 za New Zealand, pamoja na haki ya kutangulizwa serikali inapouza baadhi ya mali zake katika eneo lao.

Kwa nini wasigawane tu? Wanachama walioandikishwa leo ni zaidi ya 70,000. Fedha zile zingegawanywa kwa idadi hiyo, kila mmoja angepata chini ya dola 2,500, mara moja, basi. Na wajukuu je? Ngāi Tahu wana msemo wao, «Mō tātou, ā, mō kā uri ā muri ake nei», yaani kwa ajili yetu na ya watoto wetu watakaotufuata. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha dhana nzima. Ambaye hajazaliwa naye ni mwenye mali, ila hawezi kuja mkutanoni kukataa isiuzwe. Mdhamini yupo ili akatae kwa niaba yake.

Mdhamini huyo ni baraza liitwalo Te Rūnanga o Ngāi Tahu. Mabaraza 18 ya mashinani kila moja huteua mjumbe wake. Biashara zenyewe, kama vile utalii, kilimo, uvuvi na majengo, ziko chini ya kampuni ya Ngāi Tahu Holdings, ambayo hupeleka sehemu ya faida kwa baraza. Utengano huu una uzito mkubwa, maana anayetafuta pesa siye anayeamua apewe nani. Mtaji nao umeachwa ukue, na leo mali yao inazidi dola bilioni moja.

Faida humfikia mwanachama kwa njia kadhaa. Sehemu huenda kwa mabaraza ya mashinani, yenye nyumba zao za mikutano na shughuli zao. Upo ufadhili wa masomo. Upo pia Ngāi Tahu Fund, mfuko wa utamaduni: mtu au kikundi huomba fedha kwa mradi wa kuchonga, kusuka, kufundisha lugha au kurithisha maarifa ya wazee. Ombi hupimwa kwa faida litakayoiachia jamii, hivyo mwombaji lazima aeleze kazi yenyewe na gharama zake. Halafu kuna Whai Rawa, mpango wa akiba ulioanza mwaka 2006. Mwanachama huweka chake, baraza humwongezea, na fedha hutolewa kwa elimu ya juu, nyumba ya kwanza au uzeeni.

Uanachama haufuati mahali mtu anapoishi. Hufuata nasaba: lazima uonyeshe kwamba umetokana na mmoja wa wazee wa Ngāi Tahu waliokuwa hai mwaka 1848, ambao majina yao yameorodheshwa. Mtoto mchanga aliyezaliwa ng'ambo, nasaba yake ikithibitishwa, huandikwa katika daftari lilelile waliloandikwa wazee wa nyumbani.