"Hatari ni asilimia 2", hiyo namba daktari kaitoa wapi? Maswali na majibu kwa anayengoja oparesheni

Jirani yangu mmoja hapa Kisauni, Mombasa, alipangiwa oparesheni ya kutoa uvimbe wa kizazi, akarudi nyumbani na karatasi, na kwa pembeni daktari wa usingizi kaandika kwa kalamu "ASA 2". Basi nyumba nzima mjadala, mmoja asema ni stage ya pili ya ugonjwa, mwingine asema ni grupu ya damu, mamake keshaanza kulia. Mimi ni nesi wa thieta kwa hivyo niliitwa mbio na kanga bado iko kichwani, na maswali niliyoulizwa usiku ule ndiyo yale yale nnayoulizwa kila siku, nikaona niyaandike tu.

Hiyo ASA 2 ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa. ASA ni herufi za chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, na hiyo namba ni daraja la afya yako KABLA ya kupasuliwa. Ilianza 1941 na mpaka leo yatumika dunia nzima kwa sababu ni rahisi, haitaki mashine. 1 ni mtu mzima hana neno. 2 ana kitu lakini kimetulia, mfano presha inayoshikwa na dawa, au sukari iliyokaa sawa, na hata mvutaji sigara au mja mzito wawekwa hapo. 3 ugonjwa wake ni mzito wamrudisha nyuma kwa shughuli zake, 4 ugonjwa wenyewe watishia maisha kila saa, 5 ni yule ambaye bila oparesheni hatarajiwi kuishi, na 6 ni mtu ambaye ubongo ushakufa na viungo vyatolewa wapewe wengine. Ukiona herufi E baada ya namba maana yake ni dharura.

Ila ina kasoro, madaktari wawili waweza kumwangalia mtu mmoja huyu akasema 2 na yule akasema 3. Na haiangalii utapasuliwa nini, yaani anayetolewa jipu na anayefunguliwa kifua wote waweza kuwa 2. Ndo maana peke yake haitoshi.

Sasa ile "hatari ni asilimia 2" anayosema daktari yatoka wapi, ama ni kubahatisha?

Fikiria nahodha wa zamani pale bandari ya kale. Hakwambii dau lako litazama, hajui, lakini kaona madau mengi yakitoka na yakirudi, ajua kusi likikaza na dau likiwa kuukuu na mzigo umezidi, mangapi huwa hayafiki. Utafiti wa oparesheni ni hivyo hivyo ila kwa daftari.

Watafiti wachukua maelfu ya watu waliopasuliwa, waandika kila mtu umri wake, magonjwa yake, damu yake, aina ya oparesheni, ilikuwa ya kupangwa ama ya dharura, halafu (na hapa ndipo penye kazi) wamfuata mgonjwa mpaka siku 30, hata akishaenda nyumbani, waone nani kidonda kiliingia usaha, nani alirudishwa thieta, nani alifariki. Kisha hesabu yatafuta ni vitu gani vilikuwa vyaenda pamoja na matatizo na kila kimoja kina uzito gani. Ukija wewe, waingiza habari zako, yatoka asilimia.

Kumfuata mgonjwa mpaka mwisho hakukupendwa tangu zamani. Mwanzo wa karne ya 20 kule Boston kulikuwa na daktari mpasuaji Ernest Codman, yeye kila mgonjwa alimwekea kadi na kumwangalia tena baada ya mwaka aone kweli kapona, na makosa yake mwenyewe aliyaandika wazi. Wenzake walimnunia vibaya, akaishia kuacha kazi kwenye hospitali yake kubwa 1914. Ilichukua miaka mingi sana mpaka miaka ya 1990 hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zikaanza kuhesabu matokeo kwa mpango, na hapo ndo ilipoonekana lazima kwanza upime hatari ya mgonjwa, kwa sababu hospitali inayopokea wagonjwa mahututi itaonekana yaua watu kumbe ndiyo yenye madaktari hodari, na ile inayochagua wazima tu itaonekana ya peponi. Kutoka kwa mpango ule ndipo ikaja kalkuleta ya hatari ya madaktari wapasuaji wa Marekani, ya 2013, iko kwenye intaneti.

Mimi nitakuwa kwa wale wawili ama kwa wale tisini na nane?

Hakuna ajuaye. Asilimia 2 maana yake watu 100 wanaofanana na wewe, wenye oparesheni kama yako, kiasi cha wawili hupata hilo tatizo. Na uliza ni tatizo GANI, maana wengine wasikia 2 wadhani ni kifo kumbe daktari alikuwa azungumzia kidonda kuchelewa kukauka.

Hizo ni namba za wazungu, sisi zatuhusu?

Swali zuri kuliko yote na nilipenda aliyeliuliza alikuwa ni kijana wa tuktuk.

Jibu ni zatuhusu nusu. Presha ni presha, damu kidogo ni damu kidogo, awe mtu wa Majengo au wa Chicago. Lakini kalkuleta iliyojifunza kwa hospitali yenye ICU kila upande na damu imejaa friji yaweza kukupa namba tamu ambayo hapa kwetu haishiki. Ushahidi upo. 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa Afrika, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000 walioandikwa kwa wiki moja tu. Wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana na wenye afya afadhali ukilinganisha na dunia, hatari yao kwa karatasi ilikuwa ndogo. Lakini karibu mmoja kwa kila watano alipata tatizo baada ya oparesheni, la kwanza likiwa ni maambukizi, na waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Vijana! Wenye afya!

Na sasa sikiza hapa maana ndipo nilipotaka kufika. Kati ya waliofariki, zaidi ya 9 kwa kila 10 hawakufa siku ya oparesheni. Walitoka thieta. Pengine walifumbua macho, wakasalimia watu, wakaomba maji. Walifariki siku zilizofuata. Kwa hivyo watu wote wanaoniuliza "sista, ntaamka?" naona wauliza la kwanza wasahau la pili, kuamka wengi mno huamka, swali ni usiku wa pili na wa tatu nani atakuwa akikuangalia. Kwenye nchi zile, ukijumlisha wapasuaji, madaktari wa uzazi na wa usingizi wote, wastani haukufika hata mmoja kwa kila watu 100,000. Nesi mmoja na wodi imejaa, mgonjwa wa kitanda cha mwisho aanza kuhema mbio saa nane usiku, atamwona saa ngapi?

Kina mama wanaojifungua kwa oparesheni ndio walionitia uchungu zaidi, kwenye data ile ile waliofariki walikuwa kama 5 kwa kila 1,000, na hiyo ni kama mara 50 ya nchi tajiri. Kutoka damu ndo adui wao mkubwa.

Basi si watengeneze kalkuleta yetu?

Walitengeneza, kutoka kwa wagonjwa wale wale. Yaangalia vitu vichache ambavyo hata hospitali ndogo yavijua: umri, hilo daraja la ASA, oparesheni ni kubwa kiasi gani, ni ya aina gani, kwa sababu gani yafanywa, na ni dharura au la. Haitaki vipimo vya gharama.

Halafu wakajaribu jambo la maana, hospitali 332 hapa Afrika ziligawanywa, nusu zikawa zikimwona mgonjwa wa hatari zamzidishia uangalizi, yaani apimwe mara nyingi zaidi, kitanda kiwe karibu na meza ya manesi, mtu wa familia aruhusiwe kukaa naye, na karatasi ya dalili mbaya iwekwe kando ya kitanda. Matokeo yalitoka 2021 na vifo havikupungua. Niliposoma niliumia kidogo, ila kwa mtu aliyefanya zamu ya usiku haikunishangaza, kumjua wa hatari ni jambo moja na kuwa na mikono ya kumshika ni jambo jingine, hata hiyo mipango yenyewe haikufuatwa sawa kila hospitali. Namba haibadilishi nguo mtu wala haimwekei dripu.

Sasa sisi watu wa nyumbani tufanye nini?

Mimi (haya ni maoni yangu) bado naamini ndugu aliyekaa karibu asaidia akijua cha kuangalia, badala ya kuja kumi kumi saa ya kuona wagonjwa na hotpoti za biriani. Ahema haraka kuliko kawaida, aongea vitu havieleweki na jana alikuwa sawa, jasho baridi, moyo waenda mbio, bandeji yalowa damu tena na tena, mkojo umekuwa kidogo sana tangu asubuhi, mguu mmoja umefura na wauma, homa inayokuja baada ya siku tatu nne. Ukiona, usiseme tu "sista mgonjwa hajisikii vizuri" maana hilo nesi alisikia mara arobaini leo, sema "tangu saa mbili ahema mbio na hanijui", utaona tutakavyoruka. Na hesabu ile ya siku 30 haikomi getini, akishafika nyumbani dalili ni zile zile, usimngoje mpaka tarehe ya kliniki.

Mzee wetu ana miaka 78, si afadhali tumwachie Mungu?

Umri wahesabiwa lakini si wenyewe peke yake. Kuna wazee wa Mji wa Kale wapanda zile ngazi zilizosimama wima kama mnazi, ghorofa mbili bila kupumzika, na kuna mtu wa miaka 50 akitoka kitandani kwenda chooni ahema. Ndo maana daktari hukuuliza watembea vipi, wapanda ngazi, umepungua uzito bila kutaka, umeanguka karibuni. Si porojo, ni kipimo.

Halafu kumbukeni kutopasuliwa pia kuna hatari yake na hiyo kalkuleta haikuonyeshi. Ngiri inayorudi ndani leo yaweza kunasa kesho, na ikinasa yawa dharura usiku, na dharura huongeza hatari karibu kwa kila oparesheni.

Nini nisimfiche daktari wa usingizi?

Muguka na miraa, yale majani ya kutafuna. Najua hamsemi, hasa mama akiwa amekaa hapo, basi omba muongee wawili. Vyapandisha moyo na presha na dawa zetu zachezea hapo hapo. Sigara vilevile, ukiacha wiki nne kabla mapafu na kidonda vitakushukuru. Sema kama una seli mundu, kwetu Pwani ni nyingi, mtu huyo lazima tumweke na joto, maji na oksijeni ya kutosha. Sema dawa za kuyeyusha damu hata aspirini, sema mitishamba yote. Na wadau wa chai: chai ya maziwa SI maji, yahesabiwa kama chakula, kawaida ni masaa sita kabla ya oparesheni, maji matupu ndiyo hufika mpaka masaa mawili kabla. Fuata saa ulizopewa wewe, lakini usije na mahamri mawili tumboni ukasema "nilionja tu".

Mbona naulizwa jina na upande wa kupasuliwa na kila mtu, kwani hawana faili?

Faili tunayo, twakuuliza makusudi. Ni orodha ya usalama wa oparesheni ya WHO, shirika la afya duniani, ya 2008, ilijaribiwa miji minane duniani, mmoja wapo ni Ifakara hapo Tanzania, na vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jibu tu.

Nikiahirishwa ni kwamba hawajui kazi?

Jirani yangu alidhani hivyo. Alifika alfajiri, kapu limepangwa, damu ikapimwa ikaonekana ni kidogo mno kwa sababu ya ile hedhi nzito, akarudishwa na vidonge vya chuma na tarehe mpya. Alitukana kutoka getini mpaka Buxton. Lakini damu kidogo ni moja ya hatari chache ambazo zaweza kushushwa kabla ya kisu, umri huwezi kuushusha, uvimbe hauwezi kusubiri milele, damu waweza kuipandisha kwa wiki kadhaa.

Tarehe yake mpya ni Jumanne baada ya harusi ya mdogo wake na jana kanipigia, ataka kuchora piko. Nikamwambia mashine ya kidoleni inayosoma oksijeni yaweza kudanganywa na rangi nyeusi hiyo, na rangi ya kucha pia. Akanyamaza, akauliza, haya, nikuachie kidole kipi?