Je, wajua? Juu ya nini televizyo ya dijitali inaganda ghafla, wakati ile ya zamani ilikuwa inafifia polepole

Hapa kwetu Bukavu ukitaja dijitali tu, watu wengi wanawaza sahani juu ya paa na abonema ya kila mwezi, ao wanawaza intaneti. Hapana, si vile. Televizyo ya dijitali ya ardhini inatoka ku mnara, inapita hewani kama ile ya zamani, unaikamata na antene ya kawaida, kinachoongezeka ni dekoda, na kama televizyo yako iko na DVB-T2 (kifaa cha kupokea dijitali ya ardhini) ndani hata dekoda hauihitaji. Satelaiti ni njia ingine kabisa, intaneti nayo ni ingine. Kulipisha ao kutolipisha ni uamuzi wa anayerusha, haiko tabia ya dijitali yenyewe.

Mu mwaka 2006 nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilipatana kule Geneva kuhamia dijitali, na kwenye UHF, mkanda mmoja wa mawimbi ya televizyo, analogi (ile ya zamani) ikaacha kulindwa dhidi ya mawimbi ya majirani tarehe 17/06/2015, jambo zito kwa mji kama wetu wenye Rwanda iko ng'ambo tu ya Ruzizi.

Sasa kuganda. Mu analogi nguvu ya wimbi ndiyo mwangaza wa picha wenyewe, kwa hiyo kelele yoyote ya hewani inaingia moja kwa moja ku skrini, ndiyo zile chenga chenga. Dijitali inatuma namba. Chukua soko la Kadutu siku limejaa, rafiki yako anaimba upande ule: kelele itakula maneno fulani lakini wimbo utaufuata tu. Sasa asiimbe, akusomee namba ya simu, na mmepatana kwamba mwishoni atataja jumla ya tarakimu zote. Ukikosa tarakimu moja unapiga hesabu, unaipata, namba inakuwa kamili kama vile kelele haikuwepo. Ukikosa mbili, jumla haitoshi tena, na namba yenye mashimo huwezi kuipiga. Dekoda inafanya hivyo hivyo, stesheni inaongeza namba za kusahihisha, na mpaka zinapozidiwa picha inabaki safi kabisa, kisha ghafla vibonge vya rangi, sauti inakatika, basi.

Ndiyo maana picha ikiganda usiseme haraka kwamba mtambo wa stesheni ni dhaifu. Pengine umepungukiwa kidogo sana, na kupandisha antene, kuigeuza ku mnara ao kubadilisha kamba iliyooza kunatosha. Lakini kama kilima kimesimama katikati kabisa, antene peke yake inaweza kushindwa.

Na hapa kwenye vilima ndipo dijitali inapendeza. Wimbi linaenda mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo mwangwi uliozunguka kilometa 3 zaidi unachelewa sehemu 10 hivi, na mu analogi hiyo ilikuwa inaleta kivuli cha mtangazaji kilichosogea karibu moja ya tano ya upana wa skrini! Dijitali inaacha nafasi ya kungoja myangwi, kwa kawaida inapita sehemu 100, kwa hiyo mwangwi huo hauharibu kitu. Tena mitambo midogo kadhaa inaweza kurusha kitu kimoja ku frekansi moja, huu unaangaza Kadutu, ule Bagira, bila kugombana.

Frekansi ile ya megahezi 8 iliyobeba shene moja, sasa inabeba shene kumi na zaidi. Kwa stesheni ya umma ya jimbo, kama zile za RTNC (redio na televizyo ya taifa), hiyo inaweza kuwa nafasi ya kurusha habari za jimbo saa nzima bila kungoja zamu ya Kinshasa, ila mtambo wa pamoja ukizimika shene zote zinazimika pamoja.

Wengine wanasema basi yote ihamie ku simu. Simu ni nzuri kwa vipande vya habari, mimi mwenyewe ningependa kila stesheni iviweke huko siku ile ile. Lakini ku intaneti kila mtazamaji anakula forfe yake, na stesheni inahitaji uwezo zaidi kadiri watu wanaongezeka, wakati mnara unakula umeme ule ule, awe anaangalia mtu mmoja ao Bukavu nzima.