Silikanti si babu yetu

Kila silikanti, samaki wa kale wa kilindini, anaponaswa kwenye jarife huko Tanga, hukosi kusikia: "Huyu ndiye samaki aliyepanda nchi kavu akatuzaa." Kinachowachanganya watu ni yale mapezi yake manene, anayoyachezesha kwa zamu kama mjusi anavyotembea.

Jeni zinasema vingine. Herufi za DNA, yaani maandishi ya urithi ambayo jeni ni vipande vyake, hubadilika kidogokidogo kizazi hadi kizazi, na mabadiliko ya aina moja yakikutwa kwa viumbe wawili, huenda waliyarithi kwa mzazi mmoja. Jeni moja inaweza kudanganya, ndiyo maana hulinganishwa nyingi. Mwaka 2013, jenomu ya silikanti, yaani DNA yake yote, iliposomwa, zililinganishwa jeni 251. Aliyeonekana kuwa karibu zaidi nasi ni jamii ya kamongo, ndugu wa yule wa Ziwa Victoria anayepumua kwa mapafu na kujichimbia topeni maji yakikauka. Na hata yeye ni binamu tu, si babu. Naye amebadilika miaka yote hiyo.

Ajabu zaidi: kamongo na silikanti, wote wawili, wana undugu wa karibu na wewe kuliko na changu uliyemkaanga jana.