Mbu wa ziwani na dawa iliyozoeleka

Swali: Nilipewa chandarua chenye dawa kliniki, lakini alfajiri nawakuta mbu wametua juu yake, wazima kabisa. Nimepewa feki?

Huenda dawa ni nzima, mbu ndiye aliyebadilika. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitiwa dawa za jamii moja, pairethroidi, zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Katika kundi la mbu hawakosi wachache waliozaliwa na uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo mwilini, au wenye mishipa isiyoshikwa nayo. Wenzao wakifa, hao ndio wanaobaki kuzaa. Na mbu hana subira: yai hadi kuruka ni wiki mbili hivi, mara nyingi pungufu.

Swali: Kijijini kwetu hakuna nyumba iliyowahi kupuliziwa. Usugu umetoka wapi?

Tazama shambani. Pamba, nyanya, majaruba ya mpunga ya wilaya za Magu na Misungwi, huku kwetu Mwanza: dawa nyingi za wadudu huko ni za jamii ileile. Mtu akimaliza kupulizia anasuuza bomba mtaroni, maji yanaishia kwenye dimbwi lenye viluwiluwi. Dozi ile haiwamalizi, inawachuja tu.

Swali: Basi chandarua hiki nikaanikie dagaa?

Wengi wameshafanya hivyo; tembea ufukweni uone vyandarua vya bluu vimetandazwa mchangani, dagaa wanameta juu yake. Msifanye hivyo jamani. Jua hula dawa, na chandarua kizima ni ukuta hata mbu awe sugu kiasi gani. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini, shona tundu likiwa bado dogo.

Swali: Hakuna dawa nyingine?

Ipo, na ilipimwa hapahapa. Kuanzia 2019, watafiti, wakiwemo wa NIMR Mwanza (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), waligawa vyandarua vya aina nne katika vijiji vya Misungwi. Baada ya miaka 2 waliwapima watoto. Walikopewa vyandarua vya pairethroidi pekee, watoto 46 hivi katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Walikopewa vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri, walikuwa 26. Klofenapiri haigusi mishipa. Inamkatia mbu nguvu ndani ya chembe za mwili. Ndiyo maana anaweza kuruka zake na kufa kesho au keshokutwa, kwa hiyo usihesabu mizoga asubuhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilivipendekeza vyandarua hivyo Machi 2023.

Hata dawa hii ikitegemewa peke yake miaka nenda rudi, mbu watajifunza. Kwenye kupulizia kuta, kwa mfano, wataalamu hubadilisha jamii za dawa kwa zamu, na huwakamata mbu kuwapima kwanza ili wajue ipi bado inaua.

Swali: Nibadilishe dawa ya kopo, au nichanganye mbili?

Usichanganye, utajidhuru bure. Na kubadili kopo si kubadili dawa: soma maandishi madogo. Jina likiishia na "-thrin", ni jamii ileile, hata rangi ya kopo ikiwa mpya.

Swali: Mbu sugu analeta malaria sugu?

Hapana, hayo ni mambo mawili. Usugu wa mbu hauigusi dawa mseto unayomeza. Mtoto akichemka usiku, asubuhi mpeleke akapimwe. Kipimo cha kidoleni hakifiki nusu saa.