Morgon iwekeni kwenye friji

"Dada, mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji. Hata nyie hamjui?"

Wiki hii wateja ninaowahudumia wameniambia hivyo mara tatu. Wa mwisho aliagiza Morgon, mvinyo mwekundu wa Beaujolais huko Ufaransa, ya mtengenezaji Marcel Lapierre, akaisogeza pembeni "ifikie joto la chumba". Chumba chenyewe kiko Dar es Salaam, Februari. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 29, feni ikizunguka.

Joto la chumba tumelirithi kwa Wafaransa bila chumba chao. Walikuwa wakitoa chupa kwenye stoo ya chini ya ardhi, nyuzi 11 au 12, na kuipandisha sebuleni. Sebule ya enzi hizo, kabla nyumba hazijawekewa mitambo ya kupasha joto, ilikuwa nyuzi 16 hadi 18. Vyumba vyetu vingi havifiki huko hata kiyoyozi kikiwashwa! Kwenye 29 kilevi kinapaa na kuwahi puani kabla ya tunda. Unanusa, unachomwa, unasema mvinyo ni mkali, lawama zinaenda kwa mkulima.

Wananikera pia wanaozidisha upande wa pili, wanaotoa Bordeaux changa, mvinyo mwekundu mzito wa Ufaransa, kwenye friji na kuimimina papo hapo. Baridi huikaza tanini, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, mdomo unakauka kama umetafuna bibo. Hiyo iachwe kwenye 17 hivi.

Gamay, zabibu ya Morgon, haina shida hiyo. Tanini yake ni kidogo, uchachu wake mwingi. Lapierre alishika shamba la familia pale Villié-Morgon mwaka 1973, akaliendesha hadi alipofariki 2010. Vichala vyake viliingia kwenye pipa vizima, bila kupondwa, na zabibu zikaanza kuchachuka ndani ya maganda yake zikiwa zimezungukwa na kaboni dioksidi. Ndiyo maana unapata tunda jingi na ukakasi mdogo. Tena, kwa kufuata mafunzo ya Jules Chauvet, mkemia na mtengenezaji mvinyo wa Beaujolais, alipunguza salfa inayohifadhi mvinyo hadi chupa nyingine zikawa hazitiwi kabisa. Mvinyo wa namna hiyo ukipigwa joto unaharibika hata kabla haujafunguliwa. Wapo watengenezaji wanaoandika kwenye chupa kwamba ukae chini ya nyuzi 14. Halafu mtu anaupanga juu ya kabati la jikoni.

Kwa kunywa Gamay, vitabu vinataja nyuzi 13 kana kwamba ni sheria. Mimi nina shaka. Nimemimina chupa moja kwenye 13 na kwenye 16 jioni ileile: ya 13 ilikuwa changamfu lakini imejifunga, ya 16 ilinukia zaidi na kulegea kidogo. Mezani waligawanyika, nami hubadilika kulingana na chakula.

Nyumbani, weka kwenye friji dakika 90 hadi 120. Yule mteja nilimwomba ruhusa, nikaizamisha chupa kwenye ndoo ya maji na barafu dakika kumi. Alikunywa, akasogeza glasi niongeze. Nilimwekea robo tu, kwa sababu kwenye 29 glasi iliyojaa inapoteza ubaridi wake kabla hujaifikisha nusu.