Heda ya gari ni nini hasa

Land Cruiser ya zamani ikipita Isevya, hapa Tabora, inanguruma, vijana waliokaa gereji chini ya mwembe watasema kwa pamoja, "Huyo kafunga heda." Inama uchungulie. Mara nyingi utakuta ekzosi manifodi ya kiwandani, yaani chuma kinachokusanya moshi unaotoka kwenye silinda, iko palepale na kutu yake, ila sailensa imekatwa na kuchomelewa bomba tupu. Gari hilo halina heda.

Heda ni seti ya mabomba inayofungwa mahali pa ekzosi manifodi. Kila silinda inapata bomba lake, mabomba yanaanzia kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kwenda kukutana chini kwenye bomba moja. Heda inaishia hapo yanapokutana. Vyote vinavyofuata kuelekea nyuma ya gari, sailensa ikiwemo, havihusiki.

Kazi ya sailensa ni kupunguza sauti. Heda inapanga namna moshi unavyotoka, na hilo ni jambo jingine kabisa. Chukua injini ya 2F, ile ya petroli yenye silinda 6 kwenye mstari mmoja, lita 4.2, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1975. Kila silinda inatoa moshi mara moja katika mizunguko 2 ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo moshi unatoka kwa mapigo. Kila pigo likishapita linaacha mvuto nyuma yake. Mvuto huo ukiifikia silinda wakati vali ya moshi haijafunga na vali ya kuingizia imeshaanza kufunguka, unafyonza mabaki ya moshi na kuipisha hewa mpya. Kwenye manifodi ya kiwandani njia ni fupi na zinaingiliana, hivyo pigo la silinda moja linaweza kumsumbua jirani.

Sasa angalia mpangilio wa kuwaka wa 2F: 1-5-3-6-2-4. Silinda 1 hadi 3 ziko mbele, 4 hadi 6 ziko nyuma, kwa hiyo ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ndiyo maana heda iliyotengenezwa kwa akili hukusanya silinda 1, 2 na 3 kwenye kundi lao, na 4, 5 na 6 kwenye kundi lao, kabla ya kuyaunganisha makundi yote mawili. Ndani ya kila kundi mapigo yanafuatana kwa nafasi sawa, nyuzi 240 za mzunguko wa krenki. Mimi huwa nafurahi kila nikiitazama hesabu hii. Kukata sailensa kwa msumeno hakukupi hata chembe yake.

Wapo pia wanaosema injini "inataka kubanwa kidogo", yaani moshi wake uzuiwe kidogo, ndipo ivute. Injini haitaki kubanwa. Inataka moshi utoke kwa kasi, na bomba likiwa pana kupita kiasi kasi hiyo inapungua. Mabomba marefu yenye upana wa wastani yanaifaa injini ya mzunguko wa chini kama 2F, inayopanda na mzigo wa tumbaku kwenye mchanga wa kuelekea Sikonge. Mabomba mafupi na mapana ni ya gari la mashindano.

Kwenye kufunga ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Kwenye 2F, inteki manifodi (ile ya kuingizia hewa na petroli) na ekzosi manifodi ziko upande mmoja wa injini, zinatumia gasketi moja, na baadhi ya washa zinakandamiza flenji (bamba la kufungia kwenye injini) za zote mbili kwa wakati mmoja. Flenji ya heda ikiwa nyembamba kuliko ya inteki, washa inaibana inteki peke yake na moshi unavuja. Ikiwa nene, inteki ndiyo inayobaki na mwanya, inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, na sailenti, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapandashuka. Pima unene kabla hujafungua nati hata moja. Baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, rudia kukaza. Ukisikia tik-tik-tik asubuhi inayopotea injini ikichemka, na kuna masizi meusi pembeni ya flenji, hapo panavuja: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba mwanya kwa muda.

Jambo jingine husahaulika. Manifodi ya kiwandani huipasha moto inteki iliyo juu yake ili petroli igeuke mvuke vizuri. Ukifunga heda joto hilo linaondoka, na asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora injini itasitasita mpaka ipate moto. Wakati huohuo mabomba yenyewe, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba, yanamwaga joto jingi ndani ya boneti, hivyo mpira wa petroli na nyaya za plagi zisogezwe mbali nayo.

Sababu nzuri ya kufunga heda ipo, hasa manifodi ya zamani ikishapasuka na nzima haipatikani. Ukipiga simu Dar es Salaam kuagiza, taja injini, unene wa flenji na namna silinda zinavyokusanywa. Kama unachotaka ni mngurumo tu, mwambie fundi akufungie sailensa nyepesi, nayo ni kazi halali. Neno heda liache kwa yale mabomba yanayoshika kwenye silinda hedi.